Ubunifu wa Wasindikaji wa Dar: Tuupime kwa Kipimo Kipi?

Kinu cha sembe cha Manzese na kikundi cha akina mama wanaokausha maembe Goba wanaweza kusifiwa wote kuwa "wasindikaji wabunifu" katika hotuba moja, na asitokee wa kuuliza nani kamzidi nani, na kwa kigezo gani. Swali hilo huanza kuuma pale kunapokuwa na kitu cha kugawa: mkopo, nafasi ya banda, mashine ya majaribio, au jina la kupeleka kwenye mashindano. Hapo katibu wa ushirika, afisa mikopo au mshauri wa wajasiriamali anahitaji kipimo, na vipimo viko vingi, kila kimoja na mshindi wake.

Nitavilinganisha vinne: dodoso la mtindo wa Oslo, asilimia ya mauzo yatokanayo na bidhaa mpya, uwiano wa kilo zinazoingia na zinazotoka, na hesabu ya mpaka wa ufanisi. Hataza (haki ya kisheria anayopewa mvumbuzi), bajeti za utafiti na vikombe vya maonesho nitavipitia haraka.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Sehemu kubwa ya ubunifu wa wasindikaji wadogo wa Dar haiko kwenye bidhaa. Sembe ni ileile, mafuta ya alizeti ni yaleyale. Kilichobadilika ni chekeche, jinsi ya kukausha, mtu anayewauzia mahindi, mpangilio wa zamu, daftari la mauzo. Kipimo kisichoyaona hayo kitampa ushindi mwenye lebo nzuri.

Dodoso la Oslo

Mwongozo wa Oslo ulitolewa mara ya kwanza mwaka 1992 na OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi zilizoendelea. Toleo la nne, la mwaka 2018, liliandaliwa pamoja na Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya. Unavyoeleza ubunifu kunamfaa mfanyabiashara mdogo: ni bidhaa au utaratibu wa kazi, mpya au ulioboreshwa, unaotofautiana kwa kiasi cha maana na ule ambao biashara hiyo ilikuwa nao, na ambao tayari umefika kwa wateja au umeanza kutumika. Si lazima uwe mpya duniani, wala mpya Tanzania. Ukiwa mpya kwa biashara husika, unahesabika. Wazo ambalo bado liko kichwani halihesabiki.

Toleo la 2005 lilikuwa na mafungu manne: bidhaa, uzalishaji, masoko na uendeshaji. Lile la 2018 likayakunja yakawa mawili, yaani bidhaa na taratibu za biashara. Fungu hili la pili ni pana, linabeba uzalishaji, usambazaji, masoko na mauzo, mifumo ya mawasiliano, hadi utawala. Humo ndimo wengi wa wasindikaji wetu wanapopata alama. Kipindi kinachoulizwa ni kati ya mwaka 1 na miaka 3, ili watu wasianze kuhesabu mashine aliyoinunua marehemu baba.

Ugumu uko kwenye kuuliza. Mwendee mama mwenye mashine Tandale:

"Shikamoo mama. Ndani ya miaka hii mitatu, umefanya ubunifu wowote hapa?"

"Marahaba mwanangu. Ubunifu gani tena? Mimi nakoboa na kusaga tu."

Na nyuma yake ipo mashine ya kukobolea ambayo fundi wa kuchomelea ameibadilishia chekeche ili chenga zisipotelee kwenye pumba. Muulize kama mashine iko vilevile ilivyonunuliwa, nani alimletea mahindi mwaka juzi na nani anamletea sasa, mifuko anaitoa wapi, hesabu ya siku anaifungaje, nawe utajaza kurasa mbili. Upande wa pili wa jiji, kijana mwenye ofisi yenye kiyoyozi atajibu "ndiyo" kwa kila swali kabla hujalimaliza. Kwa hiyo kila "ndiyo" iambatane na "naomba nione": risiti ya fundi, lebo ya zamani na mpya, ukurasa wa daftari. Dodoso lisilodai ushahidi linapima ufasaha wa mwenye biashara.

Kuna swali moja ambalo madodoso ya Ulaya hulibeba na sisi hulisahau: kipi mlikianza mkakiacha? Msindikaji aliyejaribu kukausha muhogo kwa kikaushio cha jua, ikaja masika akaacha, ametumia fedha na akili zake. Ukimhesabu sawa na asiyewahi kujaribu chochote, umemwonea.

Udhaifu wa dodoso ni kwamba linahesabu mabadiliko bila kuyapima uzito. Mabadiliko madogo manne yanayashinda makubwa mawili. Dawa kamili sijaiona, nafuu iliyopo ni kuuliza baada ya kila badiliko, "Hili limebadilisha nini kwenye kilo, saa au shilingi?" Jibu likikosekana, liandikwe, ila lipewe nusu ya alama.

Asilimia ya mauzo ya bidhaa mpya

Hiki ndicho wawekezaji wanachokipenda, kwa sababu kinatoka na namba moja. Unachukua mauzo ya miezi 12, unatafuta sehemu iliyotokana na bidhaa zisizozidi umri fulani, tuseme miaka 3. Kampuni ya 3M ya Marekani ndiyo iliyokipa jina kubwa kwa kuwawekea mameneja wake lengo la namna hiyo.

Kwa watengeneza juisi, viungo, siagi ya karanga na unga lishe, kipimo hiki kinafaa. Biashara zao zinaishi kwa ladha na mchanganyiko mpya, na soko linawajibu haraka. Kwa mwenye kinu cha sembe ni dhuluma, maana atapata sifuri mwaka hadi mwaka hata akiwa amepunguza umeme wa kusaga gunia kwa robo.

Kabla ya kukitumia, mkubaliane bidhaa mpya ni ipi. Sembe ileile kuhamishwa kutoka kiroba cha kilo 25 kwenda pakiti ya kilo 1 ni bidhaa mpya? Mwongozo wa Oslo wa 2005 uliweka badiliko kubwa la ufungashaji chini ya masoko. Mimi ningesema ukubwa wa mfuko peke yake hautoshi. Unga wa muhogo uliochanganywa na soya kwa ajili ya uji wa mtoto, huo unatosha. Pia mauzo yachukuliwe ya mwaka mzima. Ukipima juisi mwezi wa Ramadhani kisha ukapima nyingine Juni, umelinganisha misimu.

Kikwazo kikubwa kabisa ni kumbukumbu. Risiti za mashine ya EFD zinaonyesha jumla ya mauzo, lakini biashara nyingi huandika tu "unga" bila kusema upi. Pasipo daftari linalotenganisha bidhaa, asilimia utakayopewa imetungwa palepale ukiwa unasubiri.

Kilo zinazoingia, kilo zinazotoka

Hiki hakina ufahari, na ndicho ninachokiamini zaidi. Kilo 100 za mahindi zimetoa kilo ngapi za unga, ngapi za pumba, na zimekula uniti ngapi za LUKU? Kilo 100 za alizeti zimetoa lita ngapi na mashudu kiasi gani? Pima leo, pima tena baada ya mwaka. Tofauti ikiwapo na chanzo chake kikaonekana, umeuona ubunifu wa taratibu kwa macho.

Ila kina mitego, na mtu asiyeijua atadanganywa na mzani wake mwenyewe.

Mtego wa kwanza ni unyevu. Mahindi ya kilo 100 yenye unyevu wa asilimia 18 yakikaushwa hadi asilimia 13.5, ambacho ndicho kikomo cha viwango vya Afrika Mashariki, yanabaki kilo 94.8. Zaidi ya kilo 5 ni maji yaliyoondoka. Kinu kilichopokea mahindi mabichi kutoka shambani na kinu kilichonunua mahindi makavu ya Kibaigwa haviwezi kulinganishwa mpaka kipima unyevu kipite kwenye magunia ya vyote viwili.

Kwa wanaokausha matunda, mtego huohuo uko mwishoni badala ya mwanzoni. Nyama ya embe ina maji kama asilimia 83. Kwa hesabu tupu, kuifikisha asilimia 15 kunahitaji kilo 5 za nyama kwa kilo 1 ya embe kavu. Ukiiacha kwenye asilimia 18, zinatosha kilo 4.82. Hapo uwiano umependeza bila mtu kubuni chochote: kaacha maji ndani ya bidhaa, na pengine kakaribisha ukungu.

Mtego wa pili ni kulinganisha visivyolingana. Dona inasaga karibu punje nzima, sembe inaondoa ganda na kiini. Ukiviweka kwenye jedwali moja, mwenye dona anashinda kabla ya kipenga. Hata kati ya sembe na sembe, anayekoboa kidogo anapata unga mwingi lakini hauwi mweupe, na Dar inapenda sembe nyeupe. Kwa hiyo uwiano ukipanda, angalia na rangi, na uulize kama wateja bado ni walewale.

Wa tatu unaniudhi zaidi, kwa sababu unamwadhibu mwema. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, kwenye mahindi isizidi mikrogramu 10 kwa kilo kwa jumla, na aina ya B1 isizidi 5. Njia mojawapo ya kuipunguza ni kuchambua na kutupa punje zilizovunda, zilizobadilika rangi au kuliwa na wadudu. Msindikaji aliyeanza kuchambua atatoa unga kidogo kwa kila kilo 100 alizonunua, na mzani utamwonyesha kama amerudi nyuma. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, hivyo hatuzungumzii jambo la pembeni. Suluhisho ni jepesi: punje zilizotupwa zipimwe peke yake, na uwiano ukokotolewe kwa mahindi yaliyoingia kwenye mashine. Kuchambua kwenyewe kuhesabiwe kama badiliko kwenye dodoso.

Mpaka wa ufanisi

Hapa tunaingia kwa wachumi. M. J. Farrell aliweka msingi mwaka 1957, na Charnes, Cooper na Rhodes wakaugeuza kuwa hesabu inayofanyika mwaka 1978, njia inayofahamika kwa herufi DEA. Unachukua vinu vingi, unaandika kila kimoja kimetumia nini (watu, umeme, mahindi) na kimetoa nini (unga, pumba). Kompyuta inatafuta vilivyo bora ndani ya kundi, inavichorea mpaka, na kila kinu kingine kinapimwa umbali wake kutoka hapo. Walio mpakani wanapata 1. Aliyepata 0.8 anaambiwa kwamba kwa wanavyofanya walio bora, unga wake ungeweza kutoka kwa asilimia 80 ya vitu anavyotumia.

Utamu wake ni kwamba haihitaji bei wala mtu wa kuamua umeme una uzito gani kuliko vibarua. Na mpaka ni wa hapahapa: kinu cha Mbagala kinashindana na kilichowezekana Dar, si na kiwanda cha ng'ambo.

Lakini inataka watu wengi. Kanuni ya kukadiria inayotumiwa na watafiti ni kwamba biashara zisipungue mara tatu ya jumla ya vinavyoingia na vinavyotoka. Ukiwa na vinne vya kuingia na viwili vya kutoka, unahitaji biashara 18 kwenda juu. Ukiwa na 7, karibu wote watapata 1 na mtarudi nyumbani mkipongezana. Zaidi ya hapo, njia hii haijui bahati mbaya. Kinu kilichokatikiwa umeme wiki nzima huku kikilipa vibarua kitasomeka kuwa kizembe, na mzani mmoja uliodanganya unaweza kuusogeza mpaka na kuwashusha wenzake wote.

Tena, kwa mwaka mmoja inapima ufanisi, na ufanisi si ubunifu. Mtu anaweza kuwa hodari wa kutumia mashine ya zamani. Ukiwa na data za miaka miwili, kuna kielezo cha Malmquist kinachogawanya maendeleo mara mbili: biashara imekaribia mpaka kiasi gani, na mpaka wenyewe umesogea kiasi gani. Kukaribia ni kujifunza kwa wenzako. Kusogeza mpaka ndiko kubuni. Kwa mtafiti mwenye vinu 40 na subira ya miaka miwili, sijui kipimo kinachosema mengi zaidi. Kwa katibu wa ushirika wenye wanachama 12, aachane nacho.

Hataza, bajeti ya utafiti na vikombe

Hataza inayosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, inadai uvumbuzi ambao haujawahi kujulikana popote. Fundi aliyebadilisha chekeche hafiki huko, na hana haja ya kufika. Kuhesabu hataza kati ya wasindikaji wadogo kutakupa safu ya sifuri. Bajeti ya utafiti ni hivyohivyo: wachache wana mstari wa utafiti kwenye vitabu vyao, majaribio hufanyika kwa kiroba kimoja jioni, na gharama inaingia kwenye matumizi ya nyumbani.

Nembo ya ubora ya TBS, shirika la viwango ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula badala ya iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, inathibitisha bidhaa imekidhi kiwango. Ni sharti la kuingia kwenye ulinganisho, haitofautishi mbunifu na asiye mbunifu. Kikombe cha Sabasaba kinapima banda. MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza 2019, yanafaa kuibua vipaji, ila majaji huona kifaa kwa dakika chache, hawaoni mwaka mzima wa kazi. Na viwango vya ISO vya kusimamia ubunifu, 56002 cha 2019 na 56001 cha 2024, vimeandikiwa taasisi zenye idara na kamati.

Biashara tatu, washindi watatu

Tuchukue biashara tatu za kubuni, namba zake nimezitunga ili tuone vipimo vinavyogombana.

| | Kinu cha sembe, Manzese | Unga lishe, Mbagala | Maembe makavu, Goba |
|---|---|---|---|
| Mabadiliko yenye ushahidi, miaka 3 | 4 | 2 | 3 |
| Mauzo ya bidhaa mpya | 0% | 45% | 20% |
| Uwiano wa mwanzo | kilo 68 za unga kwa 100 | kilo 91 kwa 100 | kilo 6.1 za nyama kwa 1 |
| Uwiano wa sasa | kilo 73 | kilo 90 | kilo 5.4 |
| Nafuu kwa kila kilo | karibu 7% | imeshuka 1% | karibu 13% |

Kwa dodoso anashinda Manzese, kwa mauzo Mbagala, kwa uwiano Goba. Hakuna aliyedanganya. Kujumlisha safu zote upate alama moja ya jumla ndilo jambo ambalo wafadhili huliomba, na ndilo ningelikataa, kwa sababu uzito utakaoipa kila safu ndio utakaoamua mshindi, na uzito huo umetoka kichwani mwako. Yule wa Goba bado anadaiwa jibu: unyevu wa embe lake kavu ulikuwa ngapi mwanzo, na ni ngapi sasa? Yule wa Manzese aulizwe kama sembe yake ingali nyeupe.

Nani achague nini

Afisa mikopo achukue uwiano wa kilo na uniti za umeme, na asome daftari. Nafuu ya asilimia 7 kwenye unga inalipa marejesho, ladha mpya inaweza kulipa au isilipe. Mnunuzi wa duka kubwa anayetafuta wa kumjazia rafu ana haki ya kutazama mauzo ya bidhaa mpya kwanza, akikumbuka kuwa kipimo hicho hakimwambii kama mzigo utafika kwa wakati. Kwa ushirika au chama cha wasindikaji ningependekeza dodoso fupi la Oslo, maswali yasiyozidi kurasa mbili, pamoja na uwiano mmoja wa kilo kwa kila aina ya kazi. Vyote viwili vinapatikana kwa siku moja kiwandani.

Ulinganisho uwe ndani ya kazi moja na ukubwa unaokaribiana. Sera ya viwanda vidogo na biashara ndogo ya mwaka 2003 inaweka biashara ya watu 1 hadi 4 kuwa ndogo sana, 5 hadi 49 ndogo, 50 hadi 99 ya kati. Mgawanyo huo unatosha kuanzia. Kinu cha watu watatu kikiwekwa na cha watu sitini, kitakachopimwa ni mtaji.

Mauzo ni siri. Mtu mgeni akiuliza namba za fedha, mwenye biashara anamwona afisa wa kodi aliyevaa kiraia. Uliza kwa mafungu: bidhaa mpya ni chini ya robo, kati ya robo na nusu, au zaidi? Majibu yakishakusanywa, kila mmoja apewe nafasi yake na wastani wa kundi, bila majina ya wengine. Wakijua watarudishiwa kitu, mwaka wa pili wanafungua daftari wenyewe.

Na mpimaji aende na mzani wake wenye stika ya Wakala wa Vipimo. Wa kiwandani utumike pia, lakini kabla ya gunia la kwanza jiwe moja la kilo 20 lipandishwe kwenye mizani yote miwili, na tofauti iandikwe juu ya karatasi.